Samaki Wala Mbu wa Katogota

Siku yangu ya kwanza katika huduma ya usafi, Uvira, nilifika na shati jeupe nikidhani nitapewa meza katika biro, yaani ofisi. Shefu wetu akanikabidhi ndoo ya samaki wadogo, hata kidole hawafiki.

"Biro yako ndiyo hii," akasema.

Samaki hao hula viluwiluwi, yaani mbu wakiwa bado majini, hawajaota mabawa. Tulichota maji ya madimbwi kwa upawa mrefu, tukatazama kama viluwiluwi vimo, ndipo tukamwaga samaki.

Nikatumwa Katogota, kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Jirani nayo aliishi Mama Nabintu, mkulima ambaye binti yake, Nabintu, aliugua malaria mara kwa mara kila msimu wa mvua. Mtoto alikuwa amekonda, anatisha. Nikamwapia mama yake kwamba safari hii atapona. Kijana mimi, mdomo mrefu! Nikamwaga ndoo nzima katika shimo la karibu na mlango wake. Kesho yake samaki wote walielea, matumbo juu.

Watu wakajaa. "Weye muntu wa Leta, wa serikali, umetia sumu mu maji yetu!"

"Minye sikutia kitu, jamani!"

Mama Nabintu akainama, akavuta gunia la mihogo kutoka majini. "Tunalowekaka mihogo humu. Hata chura haikaaki. Uliuliza nani?"

Mihogo michungu ikilowekwa huacha sumu yake majini. Kila mwanamke wa bondeni alilijua hilo, mimi mwenye diploma sikulijua. Niliona haya, acha tu.

Shefu alinifokea, kisha akanipa samaki wengine. "Rudi. Safari hii uliza kwanza."

Mama Nabintu ndiye aliyepanga: shimo moja la mihogo, mengine ya samaki. Mvua zile binti aliugua mara moja tu. Zilizofuata, hakuugua.

Nilihamishwa Kavimvira, kisha Kamanyola, chini ya mashefu wengine. Kote nilianza kwa kina mama: mnaloweka wapi?

Nilipostaafu nikaenda Katogota kuaga. Njiani nikakutana na Nabintu mwenyewe, mwanamke mzima, mtoto mgongoni, beseni la samaki wale wadogo kichwani. Alikuwa akiwapeleka kwenye mashamba ya mpunga, wakale viluwiluwi.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna. Papa, unipishe, jua iko kali, watanifia."

Nikampisha. Machozi yalinitoka, sisemi uongo.