Chumvi ya Mama Yake Ilipotoa Povu

Habari ya kifo chake niliipata sokoni Singida kutoka kwa mwanamke muuza mboga ya mlenda: yule mpika chumvi wa kando ya Ziwa Kindai amefariki, na wamekwisha kumzika. Wasomaji mnaonivumilia katika safu hii mnajua sikusoma sana, na pengine mwingine angemsifu vizuri kuliko mimi. Nitasema tu nilichokiona, maana mimi na yeye tulikaa dawati moja katika shule ya misheni.

Mwaka wetu wa mwisho, mwalimu alitufundisha jinsi vitu viwili vinavyoungana vikawa kitu cha tatu. Akaandika NaCl ubaoni, akasema, "Sodiamu ameoa klorini, wakazaa chumvi. Chumvi yote duniani ni hii. Hakuna mke wa pili." Tukacheka, tukanakili. Mwenzangu akanyoosha mkono. Mama yake, kila kiangazi, alikuwa akikwangua udongo mweupe wa ufukoni, akiuchuja kwa maji na kuyachemsha hadi chumvi ibaki chunguni. "Mwalimu, ya mama ina kitu kingine. Ukiitia maji ya ukwaju inatoa povu. Ya dukani haitoi."

"Mama yako amesoma darasa la ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. "Bwana Mlenda!" mmoja akapiga kelele, maana chumvi ya ufukoni ndiyo iliyopikiwa mlenda. Mwalimu akauliza kama yupo mwingine aliyeliona povu hilo. Mimi nilikuwa nimeliona jikoni kwao mara nyingi. Nikainamia daftari langu. Basi mwenzangu akaambiwa afute maneno yake, ama asirudi shuleni bila mzazi. Akafunga daftari, akatoka.

Asubuhi yake mama akaja na chumvi kwenye kibuyu na ukwaju uliolowekwa. "Mwalimu, sikuja kugombana. Mwanangu kama ni mwongo, mfukuze mbele yangu." Akamimina. Povu likapanda hadi likamwagika mezani. Nami lazima nimtendee haki mwalimu: alikuwa na kitabu kimoja tu, kilichoandikwa mbali na ziwa letu, na mtu mwingine angeshika kiboko. Yeye aliandika Na₂CO₃, yaani magadi, chini ya maandishi yake ya kwanza, akageuka. "Shikamoo, mama. Kumbe mke wa pili yupo, na chungu chako kinawatunza wote." Kisha akamwomba radhi mwanafunzi wake, sisi sote tukisikia.

Miaka mingi nilimkwepa mwenzangu huyo. Nilipomwendea hatimaye kwenye jiko lake la chumvi kuungama, alicheka hadi akakohoa moshi. "Wewe bwana! Ungesema tungefukuzwa wote wawili. Daftari la kunakilia ningeazima kwa nani?" Akanifungia chumvi ya mboga. Sijui kama alinisamehe au alinionea huruma tu.

Siku hizi Waingereza wanaongeza shule, na wako wanaosema elimu ndiyo kwanza imefika kwetu. Wengine wanajibu kwamba wazee walijua yote. Ugomvi huo siuwezi. Ninachojua ni kwamba kitabu kilisema kweli na chungu kilisema kweli, ila kweli ya chungu ilihitaji watu wa kuitetea. Siku ile tulikuwa mashahidi wawili darasani. Mmoja alisimama. Anayeijua kweli akanyamaza humbebesha mwenzake mzigo wa watu wawili, hata kama mwenzake ataubeba huku anacheka.