Mpangaji wa Nyuma ya Daftari

Nimeshona nguo za watu miaka arobaini na sita, na sijawahi kukosea kipimo cha mtu. Mengine nimekosea. Hili ninaloliandika hapa nililikosea kwa makusudi, miaka minne mfululizo, huku najisifu.

Nyumbani nilikuwa nakaa na mjukuu wangu, muuguzi. Siku moja kitasa cha mlango wa mbele kilikwama, akaleta fundi kufuli. Kijana mrefu, mpole, anaongea kama anayeomba radhi. Alikuja kubadilisha kitasa, akabaki upande wa ndani.

Nikauliza ndoa lini. Nikaambiwa yuko tayari hata kesho, ila aliwahi kuoa, mke alishaondoka zamani, na faili la talaka limelala mahakamani. Hakimu kahamishwa, karani kastaafu, faili halionekani. Nikasema sawa, mpaka faili liamke, huyu kwangu si mkwe, ni mpangaji. Na aniite Mama Mwenye Nyumba, asinizoee kwa kuniita Bibi. Akaniita hivyo miaka yote minne bila kununa hata siku moja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mtaani nikatangaza kwamba nimempangisha chumba cha uani. Chumba hicho kina cherehani yangu mbovu na marobota ya vitambaa hadi darini. Paka mwenyewe akitaka kulala humo lazima akunje mkia. Majirani waliitikia tu. Mwenzangu wa nyumba ya pili akaniuliza mbona mpangaji wangu wa uani anakoroma upande wa barabarani. Nikamwambia ni bomba la maji. Alipokuja karani wa ofisi ya mtaa kuandikisha wakazi, na yeye nikamwandikisha hivyo hivyo: mpangaji, hana undugu na mtu humu ndani. Akaandika. Niliona fahari kama nimeshinda kesi.

Halafu mjukuu wangu akapata kazi ng'ambo, katika hospitali kubwa. Alikuwa ameitafuta miaka mitano, na mitihani yake nilikuwa naijua kwa taa ya chumbani kwake kuwaka hadi usiku wa manane. Viza yake ikatoka upesi. Nchi hiyo, alinieleza, inamruhusu mfanyakazi kwenda na mwenzake hata kama hawajafunga ndoa, mradi wathibitishe kwamba wameishi pamoja miaka miwili bila kuachana. Nikaona nchi hiyo ina moyo mzuri kunishinda.

Ubalozi ukataka barua ya ofisi ya mtaa. Karani akafungua kitabu chake, akaandika alichokikuta: mpangaji, hana undugu na mtu humu ndani. Maombi ya fundi kufuli yakarudi yamekataliwa. Wakapewa siku kumi na nne walete ushahidi mwingine.

Mjukuu wangu akamwaga picha zote juu ya meza yangu ya kukatia. Tukamtafuta mtu wake. Sherehe ya kumaliza masomo, hayupo. Siku nilipotoka hospitali, hayupo. Hayupo kwa sababu kila tulipotaka picha nilimkabidhi simu yeye: Mpangaji, hebu tupige. Na alijua kupiga, hakuna aliyekatwa kichwa. Katika picha mia na zaidi, ushahidi wake ulikuwa kidole gumba kimoja, kwenye kona. Tukaangalia bili. Umeme una jina langu, maji yana jina la marehemu mume wangu. Hata marehemu alikuwa na ushahidi wa kuishi mle kumzidi yeye.

Mjukuu wangu hakunilaumu. Alikusanya picha akasema kwa sauti ndogo kwamba bila yeye haendi. Kesho yake nikaona amevitoa viatu vizito vya baridi alivyonunua kwa ajili ya safari kwenye sanduku, amevipanga karibu na mlango avirudishe dukani.

Sasa niseme kuhusu daftari. Mimi kuandika kunanichosha, herufi zinanikimbia, ndiyo maana hata haya nimeyaandika kwa wiki tatu. Kwenye daftari la vipimo kila mtu namchorea alama. Mwalimu wa jirani ni kengele, mjukuu wangu ni sindano ya hospitali. Wateja wanakaa mbele ya daftari. Watu wa nyumbani wanakaa nyuma, hao nawapima kila mwanzo wa mwaka, na tarehe naandika, maana miili ya watu haina msimamo.

Siku ile ile nilikuwa nafungua nyuma nitafute mabega ya mjukuu wangu, nimshonee koti, nikitumaini atabadili nia. Chini ya sindano nikaona kufuli. Nikafungua mwaka uliopita, kufuli. Mwaka wa kabla yake, kufuli. Kiuno kimepanda mwaka hadi mwaka, thelathini na moja, kisha thelathini na tatu, kisha thelathini na tano, na chini yake nimeandika kwa mkono wangu huu: apunguze mkate. Nikajiambia nilimweka nyuma kwa kuwa kurasa za wateja zilijaa. Nikazihesabu. Kulikuwa na kurasa ishirini tupu.

Nitasema ukweli, sikukimbilia kulitoa. Nililificha siku mbili nzima chini ya robota la kitani, nikizunguka nyumba kama mwizi aliyeiba mali yake mwenyewe. Ningelitoa, wangejua kwamba nilimhesabu wa nyumbani tangu mwanzo. Siku ya tatu mjukuu wangu akavaa aende dukani na vile viatu. Nikampokonya, nikamwambia achukue mkoba wake, tunakwenda ubalozini sote, na Mpangaji naye aje.

Ofisa alikuwa dada mmoja nyuma ya kioo. Nikapitisha daftari chini ya kile kioo. Alifunua kurasa za mbele, akafunua za nyuma, akarudi mbele, na mimi nikamweleza utaratibu wangu. Alifika kwenye mkate, akauma midomo asicheke.

"Mama, huyu kufuli ni nani kwako?"

Nilimtazama fundi. Alikuwa anaangalia viatu vyake, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Nilipofungua mdomo, lile neno la mpangaji lilikuwa hapo hapo mbele, limezoea njia.

"Ni mkwe wangu," nikasema. "Analala chumba cha mjukuu wangu tangu siku alipokuja kutengeneza kitasa. Ya upangaji nilidanganya."

"Ulimdanganya nani?"

"Mtaa mzima. Ila mtaa haukudanganyika. Aliyeamini ni karani peke yake."

Akanitaka niandike hayo kwa mkono wangu. Nikaandika. Ilinichukua saa nzima, foleni nyuma yangu ikiguna, na karatasi tatu nikaziharibu kwa neno moja, mkwe, ambalo sikuwahi kuliandika. Fundi akaniletea kiti.

"Kaa, Mama Mwenye Nyumba."

"Nyumba gani tena," nikamwambia. "Niite Bibi, unanichelewesha."

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na saba, viza yake imegongwa. Koti lake nililishona kwa kipimo kipya, kiuno thelathini na sita. Mkate hakupunguza.

Asubuhi ya kuondoka walisimama mlangoni na masanduku, na yeye kwa mazoea akanyoosha mkono achukue simu. Nikaukataa ule mkono, nikamsukuma kando ya mkewe, nikapiga mimi. Mjukuu wangu alipoitazama picha akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Kitasa kimetoka vizuri sana, masanduku yametoka, wao wameishia mabegani, na kwenye kona kuna kidole gumba changu.

"Bibi, hatuna vichwa," akasema fundi.

Nikamwambia vichwa vyao wanavyo kwenye pasi zao za kusafiria, wapande gari. Sikutaka kupiga nyingine. Macho yangu wakati huo yalikuwa hayaoni vizuri, na sikuwa tayari kumweleza mtu kwa nini.