Kompyuta Iliyotaka Data Yangu

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja karibu na Nyakoe, kwa hivyo naomba msinicheke sana.

Juzi mwalimu mkuu alitaka picha za siku ya wazazi kabla wageni wake hawajafika. Nilikuwa nimezipiga kwa simu, nikaichomeka kwenye kompyuta yetu mpya inayotumia mfumo wa Linux. Simu ikachaji vizuri, lakini picha hazikuonekana. Kwa nini? Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu. Kila nilipochomeka, simu iliniuliza: "Ruhusu kompyuta ifikie data?" Nami nikabonyeza "Kataa", maana nilikuwa nimetoka kununua bando la intaneti, na kompyuta ile ningeiachia ingelimaliza lote.

"Mkuu, Linux haisomi simu," nikatangaza mbele ya walimu wenzangu waliojaa katika maabara ya kompyuta wakisubiri picha.

Mama Kwamboka, mpishi wetu, alikuwa ameleta chai. Akachungulia simu yangu.

"Obe! Mwalimu, data hapo ni picha zako. Si bando."

Nikabonyeza "Ruhusu". Picha zikamwagika kwenye skrini, lakini hakuna aliyezitazama. Wote walikuwa wakisoma ubao nyuma yangu, ambapo nilikuwa nimeandika asubuhi kwa herufi kubwa: DATA NI NINI?