Msimu Shija Alipovaa Suruali

Harufu ya pamba iliyolundikwa ndani ya nyumba humfuata mtu hadi usingizini. Msimu ule, kijijini kwetu Sapiwi, mimi na wadogo zangu tulilala juu ya lundo la pamba, tukaamka na nyuzi nyeupe kichwani kama vikongwe. Soko la pamba lilikuwa limeachwa huria karibuni. Malori ya wanunuzi binafsi yalikuja kushindana na chama cha ushirika, na nyuma yake yakaja marobota ya mitumba, yakifunguliwa mnadani juu ya maturubai. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na rafiki yangu Shija vilevile. Jina hilo kwetu hupewa anayezaliwa baada ya mapacha, awe wa kike au wa kiume. Baba yake, mzee Maduhu, alikuwa na mabinti watupu, hivyo Shija alichunga ng'ombe tangu utotoni, na alikuwa na mluzi ambao hata fahali aligeuka kuusikiliza.

Siku ya mnada mabinti wote tulichagua magauni. Shija alichagua suruali ya kaki yenye mifuko minne, akaivaa chini ya sketi, kisha akaivua sketi na kunipa niishike. Mabega yalimshuka, pumzi ndefu ikamtoka, nami nikatambua kwamba miaka yote niliyomjua alikuwa ameibana.

Haukupita mwezi, tukiwa malishoni, akaona damu. Mimi nilikuwa nimetangulia, nikajua la kufanya: nilichana upindo wa kanga yangu nikampa. Nilidhani atafurahi kwamba sasa tuko sawa. Alikaa chini ya mgunga, akiwatazama ng'ombe.

"Minza," akasema baadaye, "mwili huu haukuniuliza."

"Kwani ulitaka kuwa nani?"

"Nataka kuwa hivi nilivyo nikiwa na ng'ombe. Sijui kunaitwaje."

Hata mimi sikujua. Usilolijua ni usiku wa giza, nasi tulikuwa wawili ndani yake.

Mama yake alipofahamu kwamba amevunja ungo, aliifungia suruali sandukuni, akamvisha gauni na kumweka jikoni. Mzee Maduhu akarudi kuchunga mwenyewe, magoti yakimuuma. Kisha ikanyesha mvua ya siku mbili. Ng'ombe walikuwa wamevuka mto kabla haujajaa, wakakwama ng'ambo kwenye mwinuko mdogo huku maji yakipanda. Mzee aliita mpaka sauti ikakauka. Hawakusogea. Kijiji kizima tulisimama ukingoni tukitazama mali ya mtu ikisubiri kuzama.

Ndipo Shija akaja mbio, amevaa ile suruali; sanduku alikuwa amelivunja. Aliingia majini hadi kiunoni, akapiga mluzi, akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa majina. Jike kubwa jekundu likanyanyua kichwa, likajitosa. Wengine wakafuata, pembe zikielea juu ya maji ya tope kama msitu unaotembea. Hakuzama hata mmoja.

"Shija! Nguo gani hiyo mbele za watu?" mama yake alilia.

Mzee Maduhu alikuwa amelowa machozi na mvua. "Mwache, mama Kulwa," akasema. "Nilimwomba Mungu mchungaji. Sikumpangia amuumbeje."

Watu walisema sana. Mama yangu mwenyewe alinikataza urafiki ule, nikamkaidi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Shija alirudi malishoni, na leo ana mifugo yake mwenyewe katika kijiji cha Mwamapalala. Watoto wa jirani, wengine humwita shangazi, wengine baba mdogo, naye huwaitikia wote.

Mimi nafundisha Bariadi mjini. Mabinti wanavaa suruali na hakuna anayegeuka. Simu zimejaa majina ya kila kitu ambacho sisi tulikosa jina lake. Lakini mwezi uliopita mwanafunzi mmoja alibaki darasani wenzake walipotoka, akaniomba nifunge mlango. Majina anayo. Aliogopa nyumbani. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikamuuliza kama baba yake ni mtu wa kusikiliza.