Tabitha Raistrick na Wazee wa Upole

Tabitha Raistrick alifikisha miaka sabini na mbili bila mtu kumwita mgonjwa, mpaka siku aliposimama katikati ya ibada ya kimya ya dhehebu letu la Marafiki hapa York, akawaambia wazee kwamba wananenepa huku wajane wa Marafiki wanalala njaa. Wazee wakaona huo ni wazimu. Wakampeleka kwenye nyumba yetu ya wagonjwa wa akili, ile tunayojisifia kila mahali kwamba haina minyororo wala walinzi, ni upole mtupu.

Baridi ilipoisha wakaja kuamua kama arudi kwake. Sisi Marafiki hatupigi kura. Tunakaa kimya mpaka Roho atuunganishe. Basi wakala keki, wakanyamaza. Tabitha naye akatulia tuli. Mzee Obadiah, kiongozi wa kikao, akalaza kichwa kwenye mto wa kiti, akaanza kukoroma. Aliposhtuka akafuta mate, akatangaza, "Marafiki, tumeungana. Abaki."

"Umeungana na nani, Obadiah? Na mto?" Tabitha akauliza.

"Mnamwona? Bado mgonjwa huyu," Obadiah akawaambia wenzake.

Tabitha akavaa kofia yake, akaelekea mlangoni.

"Jamani, mzuieni!"

"Nizuie wewe, baba upole."

Wakimshika, nani atawaamini tena wakihubiri upole? Wakafanya jambo pekee wanaloliweza: wakainamisha vichwa, wakanyamaza, wakimwombea arudi. Walipofumbua macho, Tabitha alikuwa kwake anamenya viazi, na mlango ameutia komeo.