Siku Marehemu Gaspari Alipomhasi Paka

Kabla hujanikatiza, nakuambia mapema: sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijaitia mdomoni tangu nizaliwe. Nilimwona marehemu Mzee Gaspari kwa macho yangu haya, asubuhi, akimhasi paka. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa nilipomsimulia. Na wewe cheka tu, ukimaliza tutaendelea.

Ilikuwa miaka ya themanini, enzi zile chumvi na sabuni vikiingia dukani watu wanaamka gizani kupanga foleni. Mimi ni mtu wa Pangani. Mume wangu, baba Zuhura, mwenye duka, ndiye aliyenileta huku Isingiro kwenye migomba na ukungu, nisijue hata kusalimia kwa Kinyambo. Mtu wa kwanza kunifungulia mlango alikuwa jirani yetu, Bibi Anastazia, mjane aliyetoka Rwanda na mumewe wangali vijana. Alinifundisha kumenya ndizi bila kujitia utomvu mwili mzima. Na uchungu ulipoanza, gari likakosekana kwa matope, yeye ndiye aliyenizalisha Zuhura. Kwa hiyo usiniulize kwa nini nilihangaika kwa ajili yake.

Mumewe sikumkuta. Mzee Gaspari alifariki miezi michache kabla sijafika. Kazi yake ilikuwa kuhasi mbuzi na madume ya ng'ombe vijijini, na malipo yake yalikuwa chumvi, basi. Masika moja alikuwa anarudi kutoka mnadani Kibingo, maji ya bondeni yakamzoa kwenye daraja la magogo. Walimpata kwenye mafunjo akiwa na buti moja la mvua, la kushoto. La kulia walilitafuta mpaka wakachoka. Hilo ndilo lililomkata maini Bibi Anastazia kuliko yote. Kila mvua ikinyesha alisema, "Mzee wangu anatembea na mguu mmoja mtupu huko aliko." Buti la kushoto alilihifadhi chini ya kitanda, na chakula kilimshinda.

Sasa paka. Wiki ile ya msiba katoto ka paka kaliingia ndani, hakuna aliyejua kalikotoka, kakaenda moja kwa moja kulala juu ya koti la marehemu. Unadhani mjane angefikiri nini? Alikaita Gaspari. Akaanza kukanywesha maziwa, na kwa sababu mgeni haachwi ale peke yake, naye akaanza kula. Nilipofika mimi niliwakuta wanakula pamoja. "Gaspari, njoo, viazi vimeiva." Mara ya kwanza nilishangaa, baadaye nikazoea.

Tatizo ni kwamba Gaspari alikua. Akawa paka shume, kichwa kikubwa, sikio limechanika kwa ugomvi. Alikojolea magunia yangu ya maharage, alikula vifaranga vya watu, na ikifika jioni alipanda mapaa kulia. Unakijua kilio cha paka dume anayetafuta jike? Ni mtoto mchanga kabisa. Na paa alilolipenda zaidi lilikuwa la balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye mkwe wake alikuwa na mimba baada ya kuharibikiwa na nyingine mbili. Basi maneno yakaanza. Kwamba Gaspari amerudi, anataka mtoto. Kwamba mjane anamtuma. Balozi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu, na mwenye hofu hasikii. Akatangaza kwamba Jumapili wakitoka kanisani vijana watammaliza yule enjangu, yaani yule paka, na mama mwenyewe ahame.

Nilijua wakimuua yule paka, Bibi Anastazia anazikwa mwaka uleule. Angekuwa anamzika mume mara ya pili. Nikamwambia, "Bibi, tumhasi. Akihasiwa atatulia nyumbani, hatalia tena, watu watasahau."

Alinitazama utadhani nimemtukana. "Mama Zuhura, unataka kumhasi mume wangu?"

Niambie, swali hilo ungelijibuje?

Bwana mifugo wa kata yetu nilikuwa nimeshamwona. Alisema ana koleo la madume ya ng'ombe, si la paka, na kwamba nikitaka aje na pikipiki yake nitafute petroli. Petroli yenyewe miaka ile ilipatikana kwa kubembeleza. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa bei ya mtu wa kawaida alikuwa Gaspari, na Gaspari, kama wanavyosema, ndiye paka. Kilichobaki ni mnadani Kibingo, ambako Jumamosi huwa hakukosi mtu wa kuhasi mbuzi. Nilimsihi bibi mpaka Ijumaa jioni. Mwishoni akasema, "Mpeleke, mwanangu. Lakini mwenyewe aridhie. Akikataa, mrudishe." Nikasema haya, nitamuuliza. Nilisema kwa hasira, sikujua nasema nini.

Jumamosi kulipopambazuka nilimtega kwa dagaa, nikamtia kikapuni, nikafunika kwa kanga na kufunga kamba. Nikachukua na paketi ya chumvi ya kumlipa mhasi. Ukungu ulikuwa mzito, migomba yenyewe unaiona ukishaigonga. Njia nzima yule mnyama analia ndani ya kikapu. Nilipishana na akina mama waliokuwa wanakwenda kisimani, wakasikia mtoto analia chini ya kanga na hawaoni mtoto, wakatupa ndoo na kukimbia. Mpaka leo kuna watu Isingiro wanasimulia jini la kike la asubuhi ile. Ni mimi.

Pale kwenye daraja la magogo palikuwa na mzee amekaa. Kofia imelowa, koti limelowa, mguu wa kulia ana buti la mvua, wa kushoto hana kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umebeba nini kinacholia hivyo?"

"Paka dume. Nampeleka mnadani ahasiwe."

"Wa nani?"

"Hana mwenyewe. Wanasema ni marehemu Gaspari."

Yule mzee alifunua kanga, akamtazama paka, akamtazama tena. "Mbona hawafanani?" akasema. Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikadhani ni mtani tu, mmoja wa hawa wazee wa njiani.

"Unajua kuhasi?" nikamuuliza.

"Ndiyo kazi yangu. Lakini simhasi mnyama asiye na mwenyewe. Sema ni wa nani."

"Mzee, nimekwambia, ni wa kuzurura."

"Basi mpeleke." Akageuka kutazama maji.

Safari ilikuwa bado ndefu, mikono inaniuma, na kesho ndiyo Jumapili. "Wangu," nikasema. "Ni paka wangu."

Hapohapo akavua buti. Alimsukumia paka humo kichwa mbele, mabega yakaingia, makucha yakakosa pa kushika, nje yakabaki makalio na mkia. Nikashika kama alivyonielekeza. Mimi nilitazama mafunjo, sikutazama kazi. Kisu kidogo, majivu kutoka kwenye kijaluba, paka akalia mara moja, kwisha. Nimechinja kuku kwa shida kuliko vile.

"Mbebe hivyohivyo kwenye buti," akasema. "Mtoe ukifika nyumbani."

Nikampa chumvi. Kwetu Pangani tunaambiwa jini halikaribii chumvi, kwa hiyo mtu anayelipwa chumvi huwezi kumtilia shaka. Lakini hakuipokea. "Mpelekee mama watoto."

"Nyumba ipi, mzee?"

"Alikotoka huyo paka. Na mwambie miguu yangu iko sawa sasa."

Akashika njia ya ng'ambo, miguu mitupu yote miwili, ukungu ukamfunika. Nami je, nilishtuka? Hata kidogo! Nilifurahi kwamba nimepunguziwa safari. Nusu ya njia ndipo nilipohisi mkono wangu umekufa ganzi. Lile buti lilikuwa la baridi ya maji ya chini kabisa, na lilikuwa na tope ndani. Mtu alikuwa amelivaa sasa hivi, na ndani hapakuwa na joto la mguu. Hapo nilikimbia, niamini, na paka wangu mkononi.

Bibi Anastazia alikuwa anaanika kahawa. Sikuwahi kufungua mdomo. Alimchomoa paka, akamweka chini, masikio yamejaa tope, kisha akaliinamia buti. Kwenye kisigino palikuwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli, kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Akakipapasa kwa kidole gumba. Akaingia ndani, akatoka na la kushoto, akayaweka pamoja kwenye jamvi.

"Mguu wa pili alivaa nini?" akauliza.

"Ulikuwa mtupu, bibi. Alisema miguu yake iko sawa sasa."

Alilia. Alilia kilio nilichokuwa sijawahi kumsikia nacho, nami nikalia naye, nimeshika paketi ya chumvi kama mpumbavu. Kisha akajifuta na kumtazama paka aliyekuwa anajilamba pembeni.

"Na huyu alikuwa wapi?"

"Ndani ya buti."

"Gaspari amemhasi yeye mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Kwa hiyo huyu si Gaspari." Akamnyooshea paka kidole. "Mawe, mama yangu! Na maziwa yote yale!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya kahawa.

Jumapili walikuja, balozi mbele, vijana na marungu nyuma. Bibi Anastazia aliwapokea mlangoni amevaa mabuti yote mawili, makubwa mno kwake. Balozi alikuwa miongoni mwa waliolitafuta lile la kulia, aliingia majini mpaka kifuani kwa siku nyingi. Alilitazama lile buti, akakiona kiraka, akageuka kwangu, niliyekuwa kando ya bibi, maana habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Mama Zuhura, alidai malipo gani?"

"Chumvi, balozi. Na hakuichukua, kaagiza apewe mkewe."

Rungu likamtoka mkononi. "Ndiye," akasema, akavua kofia. "Na paka?"

"Paka ni wangu."

Wakaondoka. Mkwe wake alijifungua salama mtoto wa kike, na ni Bibi Anastazia aliyeitwa kumzalisha. Balozi mwenyewe alikuja kumbembeleza.

Paka aliishi dukani kwangu miaka mingi, mnene, mvivu, hakugusa tena gunia wala paa. Sikumpa jina la mtu. Bibi Anastazia alikuwa akija kumkuna masikio na kumtania, "We, umenila sana." Kila mwezi nilimpelekea chumvi yake mpaka Mungu alipomchukua, mzee kabisa. Na kwa miaka yote hiyo alilima bondeni, kando ya maji ambayo zamani hakuweza hata kuyatazama, amevaa mabuti ya mumewe, soksi tatu ndani yasimvuke.

Siku hizi kuna mabwana mifugo wenye sindano za ganzi, na ukiwabembeleza watakufanyia kwa bei ndogo. Wapelekee paka wako mapema, kabla watu hawajampa jina la marehemu wao. Lakini kama lazima upite lile daraja la magogo kwenye ukungu, chukua chumvi. Na mtu akikuuliza huyo mnyama ni wa nani, chondechonde, usimjibu kwamba hana mwenyewe.