Darubini za Redio na Viatu vya Mwalimu

Wiki hii nimechoka, na zaidi nimechoshwa na macho yangu mwenyewe.

Mwalimu wa sayansi alimpa kila mtu mada. Mimi nikapata darubini za redio, yale masahani makubwa yanayojengwa kwenye majangwa ya juu milimani ili yapokee mawimbi kutoka kwenye nyota. Nilishinda maktaba ya hapa mtaani tulikohamia, St. James Town, siku nne, nikaandika kila neno mwenyewe. Aliponihoji, nikajibu huku nikitazama viatu vyake. Kwetu tulikotoka mtoto hamkodolei macho mtu mzima. Yeye akaona naficha kitu. Akaandika kwa wino mwekundu: imenakiliwa, sifuri, mzazi aje.

Baba alikuwa zamu Malton, kwenye ghala la mizigo, kwa hiyo akaja mama, moja kwa moja kutoka anakohudumia wazee, bado na sare, miguu imevimba. Mwalimu alieleza weee. Mama akamsikiliza kichwa kimeinama, kwa heshima. Nikajua tumekwisha, sasa tuko wawili.

“Anasema umeiba,” mama akaniambia kwa Kiswahili. “Umeiba?”

“Hapana, mama.”

“Basi nieleze mimi. Jangwani wanafuata nini, mjini hakuna nafasi?”

Nikamwambia mvuke wa maji hewani unameza mawimbi, ndiyo maana wanatafuta pakavu, tena juu, ambako hewa ni nyembamba. Na mjini mitambo ya redio na simu inayafunika.

“Kama redio ya baba yako. Ikianza kukohoa anaikimbiza balkoni.”

“Ndiyo, ila haya ya nyota ni dhaifu mno. Mengine yaliondoka huko kabla binadamu hawajakuwepo.”

“Na miaka yote hiyo njiani hayajachoka? Yana bahati.”

Nikacheka. Mikono yangu ilikuwa inachora sahani hewani. Mwalimu hakuelewa neno, lakini alikuwa ameweka kalamu chini. Akasema nirudie kwa Kiingereza. Nikarudia nikitazama tai yake. Juu ya hapo sikuweza. Akauliza maswali mawili magumu, nikayajibu. Akafuta sifuri, akaandika sabini na nane. Samahani hakusema.

Kwenye basi mama akavua viatu.

“Ungemtazama tu yule mwalimu toka mwanzo, saa hizi ningekuwa nimelala.”

“Mbona na wewe hukumtazama?”

Akafumba macho. “Mimi? Nimkodolee mwalimu wa mwanangu? Nina wazimu?”